Mashine Iliyosaga Udaga na Kahawa ya Baba

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu Nestori, na kila ikinijia naona haya upya, ingawa wengi waliokuwapo wameshatangulia mbele za haki. Siku hiyo nilimnywesha baba yangu, babu yako, uji wa udaga nikimwambia ni kahawa. Usicheke kwanza. Utacheka baadaye ukitaka, na mimi nitacheka nawe, ila nisikilize mpaka mwisho, maana ulichoniandikia si jambo la mchezo.

Umenitumia picha za mashine za kusagia kahawa, nimezihesabu ziko kumi na moja, ukaniuliza shangazi ninunue ipi. Kuuliza si ujinga, na jibu utalipata. Lakini chini ya picha ukaongeza kwamba ile mashine yako ya espreso uliyoagiza Dar es Salaam inakutolea kikombe kichachu na kichungu kwa wakati mmoja, kwamba pengine tatizo ni kahawa yetu ya Munanila, na kwamba utaanza kuagiza kahawa ya mbali. Maneno hayo hayo ukamwandikia baba yako. Hapo ndipo ulipoharibu, daktari wangu.

Baba yako Melkiori ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni, namjua. Hajawahi kunywa espreso na hajui inafananaje. Anachojua ni kwamba mwanawe ni daktari Kibondo, na daktari akisema kitu ni kibaya, basi kitakuwa kibaya. Jumapili alikuja dukani kwangu hapa Kasulu, hakuomba hata maji ya kunywa, akaniuliza ni nani mjini ana mbegu nzuri ya tangawizi. Nikamwuliza atapanda wapi. Akasema pale kwenye mibuni, anaanza kung'oa wiki ijayo mvua ikitulia. Nilimsihi asubiri kidogo, akachukua kofia yake akaenda stendi.

Mibuni ile ndiyo iliyobaki katika ile aliyopanda baba yetu. Kwa nini nasema iliyobaki, ndiyo hadithi yenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimetoka Munanila kuja Kasulu kujifunza ushonaji, nikapanga chumba cha uani kwa Bi Mwanaidi. Bi Mwanaidi alikuwa mtu wa Pangani, mumewe alimleta huku kufanya biashara ya vitambaa, mume akafariki, yeye akabaki. Watu walimwuliza harudi kwao kwa nini, akawa anasema kaburi la mume wake liko hapa na baridi ya hapa ameshaizoea, wamwache. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkali wa maneno, mpole wa mikono. Kila siku baada ya sala ya alasiri alikaa barazani na jiko lake la mkaa, dele lake la shaba la kuchemshia kahawa, na kinu kidogo cha mti ambacho mchi wake ulikuwa umelika kwa miaka.

Sasa tazama alivyofanya, maana hili ndilo linalohusu hizo picha zako. Kahawa alikaanga mara moja kwa juma, lakini kutwanga alitwanga kila siku, na hakutwanga kabla watu hawajakaa. Watu wakishakaa aliwahesabu kwa macho, akachota punje konzi moja kwa watu watatu, akatwanga hizo tu, akapika hizo tu. Akitokea mtu wa nne amechelewa, alichota punje nyingine kidogo akaanza upya, wala hakuwahi kutwanga ya akiba. Nilimwuliza siku moja kwa nini anajichosha, si atwange ya wiki nzima aweke kwenye kopo. Akanitazama kama nimemwambia apike wali wa wiki nzima. Akasema kahawa ikishapondwa inaanza kuondoka, na yeye hapendi kuwapa wageni kitu ambacho kimeshaondoka.

Kikombe changu cha kwanza cha kahawa nilikinywa hapo barazani. Unasikia? Nimezaliwa shambani kwa kahawa, nimechuma matunda mekundu mpaka vidole vikanata, nimeyamenya, nimeziosha punje, nimezianika kichanjani nikifukuza kuku, na sikuwahi kuionja. Hakuna aliyeionja nyumbani. Magunia yalikwenda chama cha ushirika, na sisi tulikunywa chai ya rangi siku za sikukuu, siku nyingine uji. Bi Mwanaidi akaniuliza kama najua buni hiyo imetoka wapi. Nikasema sijui. Akasema, "Milima ya kwenu, Munanila." Nilikitazama kikombe nikaona fahari, mara nikaona uchungu, kwa sababu nilimkumbuka baba.

Baba alilima mibuni ile tangu mwaka aliomwoa mama. Alikuwa na rafiki yake, jirani yetu Mzee Bihigi, ambaye kila msimu alimwambia ang'oe apande kitu kinachoingia chunguni. Baba alimjibu jibu lile lile, kwamba watu wa mbali hawawezi kuwa wajinga wote, wakiitaka kahawa hivyo lazima ina uzuri wake. Alikuwa anaiamini tu, kama unavyomwamini mtu uliyesimuliwa habari zake. Basi nikaapa kwamba baba yangu ataionja kahawa yake.

Nilipokwenda nyumbani nikamwomba mfuko mdogo wa kahawa yenye maganda, akanipa ya mistari ya juu, ile mikongwe kabisa, wala hakuniuliza ya nini. Nikarudi nayo Kasulu. Bi Mwanaidi akanifundisha kukoboa kwa kinu, kupeta kwa ungo, kukaanga kwa moto wa polepole bila kuacha kukoroga hata moshi ukinichoma macho. Ikatoka vizuri, rangi moja, inang'aa. Akaniambia nichukue kinu chake niende nacho, nikatwange kule kule mbele ya wazee, kidogo kidogo.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaalika watu. Ujana bwana. Badala ya kumpikia baba peke yake, nilitaka sherehe: Mzee Bihigi, katekista, wakwe wa kaka yangu mkubwa, watu kama kumi na tano. Nikafikiria kutwanga kahawa ya watu kumi na tano kwa kinu kile cha ukubwa wa kofia. Mikono yangu ilikuwa imechoka kwa cherehani. Nyuma ya soko palikuwa na mashine ya kusaga nafaka, na mimi kila siku nilipita hapo. Nikaona, si kusaga ni kusaga tu?

Yule mwendesha mashine, kijana mmoja aliyekuwa mweupe kwa unga mpaka kope, alinionya. Aliniambia, "Dada, humu nimetoka kusaga udaga." Wewe umekulia Kigoma, udaga unaujua, ile mihogo iliyovundikwa ikakauka, na harufu yake ukiivaa inakusindikiza mpaka kanisani. Nikamwambia aikung'ute tu. Akaipiga ile mashine makofi mawili, akaupiga na ule mfuko mrefu wa kitambaa unapotokea unga, akasema debe likisagwa halitoki lote, kuna unga wa mtu unakaa humo ndani mpaka mwingine aje ausukume, kwa hiyo inafaa nimwage kahawa ya mwanzo ili iisafishe. Nikamjibu nani anamwaga kahawa. Akasaga. Ikatoka ya kijivu. Nikainusa, nikasikia udaga, nikajiambia kahawa ina nguvu, itaushinda. Nikaitia kwenye kopo la maziwa ya unga, ikakaa humo siku nane nikingoja Jumapili. Kwa Bi Mwanaidi sikusema kitu, na kinu chake nikakiacha pale pale barazani.

Jumapili baada ya misa watu wakaja. Tulisalimiana vile wanavyosalimiana watu wa kwetu, hakuna haraka, mpaka habari za mbuzi ziulizwe. Baba alikuwa amevaa koti lake. Nikabandika sufuria, nikatia kahawa, nikakoroga. Ikaanza kuwa nzito. Nikaongeza maji, ikatulia, ikaanza tena. Wewe umesoma sayansi, unajua unga wa muhogo ukikutana na maji ya moto unafanya nini, mimi siku ile nilikuwa najifanya sijui. Nikaimimina kwenye vikombe hivyo hivyo, maana watu wameshakaa.

Mzee Bihigi ndiye aliyeinamisha kikombe chake, na kile kitu kikateremka taratibu. Akamgeukia baba, akasema, "Kumbe miaka yote hii ulikuwa unalima uji?" Watu wakacheka mpaka katekista akajifuta machozi. Baba naye akacheka. Kisha akanywa kikombe chake mpaka mwisho, akaninyooshea nimwongeze. Nikafikiri ameipenda. Mama ndiye aliyeniambia baadaye kwamba aliomba cha pili ili nisione haya mbele za wageni. Moyo wa baba yangu ulikuwa hivyo, Nestori, na wewe hukubahatika kumwona.

Nilirudi mjini nikiwa nusu nafurahi, nusu nimejikunja. Haikupita wiki mbili, mwanamume mmoja wa Munanila akaniletea maharage kutoka kwa mama. Tukiongea habari za nyumbani akasema mzee ameanza kung'oa mibuni, ameanzia juu, Mzee Bihigi ana furaha. Mguu wangu ukasimama kwenye cherehani. Nilijua papo hapo kilichotokea. Baba alikuwa ameiamini kahawa yake bila kuionja, halafu nikamwonjesha mimi, na alichokionja ndicho alichokiamini.

Ungedhani niliondoka siku ile ile. Sikuondoka. Nilikaa siku tatu nashona nguo za watu na kujipa sababu. Mara nikasema pengine amechoka tu na uzee. Mara nikasema nguo ya bibi harusi haijaisha. Ukweli ni kwamba niliona aibu kumwambia baba kwamba uvivu wangu ndio aliokunywa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi niliuficha uchi wangu siku tatu, na kila siku shimo lilikuwa linachimbwa kule.

Siku ya tatu Bi Mwanaidi alinitengea kikombe, nikashindwa kukishika. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia yote, mashine, udaga, kopo, uji, mibuni. Nilitegemea anipe pole. Wapi. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Aliweka dele lake chini taratibu, akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia kwa sauti yake.

"Umemnywesha baba yako mihogo ya watu, halafu umekaa hapa unamwacha alilaumu shamba lake."

Akainuka, akafunga kile kinu kwenye kanga pamoja na mchi, akanipa. Akaniambia zile punje za baba zilizobaki bila kukaangwa, ambazo zilikuwa konzi moja tu, nisizikaange mjini wala nisizisage popote, kila kitu kifanyike mbele ya macho ya baba. Na nikifika nisianze na kahawa, nianze na ukweli. Kahawa nzuri bila ukweli, alisema, atadhani ni ya shamba la mtu mwingine.

Asubuhi nikapata lori mpaka Buhigwe, kutoka hapo nikatembea na kinu kichwani. Nilimkuta baba shambani na jembe. Mistari minne ilikuwa imelala chini, mizizi imetazama juu, mingine majani yake bado mabichi na matunda yakiwamo. Nikapiga magoti kwenye udongo ule ule. Hata salamu sikuikamilisha.

Nikamwambia, "Baba, ile haikuwa kahawa yako. Niliona uvivu kutwanga, nikaipeleka mashine ya udaga. Kahawa yako bado sijakupa."

Baba akaegemea jembe. Hakunifokea. Ningefurahi angenifokea, ningelia nikamaliza. Aliitazama ile mistari, akanitazama mimi, kisha akaniuliza swali moja, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu: "Na yenyewe ikoje?"

Mama alileta kaa la moto. Tuliweka mafiga matatu pale pale pembeni ya shamba, nikakaanga lile konzi kwenye kigae cha chungu, baba akisimama karibu ananusa. Ile harufu ilipoanza kutoka aliinama kabisa akaniuliza hii ndiyo yenyewe, nikamwambia bado, ngoja. Nikatwanga. Nikachemsha, nikamimina. Kilipatikana kikombe kimoja kikubwa na kidogo juu yake. Akakaa juu ya shina aliloling'oa mwenyewe, akanywa.

Akanywa tena. Kisha akaniita kama alivyoniita nilipokuwa mdogo, mwana wanje, yaani mwanangu kwa Kiha chetu, akasema, "Kumbe nililima kitu kizuri hivi."

Akavua kofia akajifutia uso. Nikalia, mama akalia kwa sababu sisi tunalia, na baba akamkabidhi mama kikombe naye aonje, mama akanikabidhi mimi. Jioni hiyo tulichimba mashimo watu watatu, tukarudishia mibuni ambayo mizizi yake ilikuwa bado na unyevu. Tulimwagilia majuma mengi. Michache ilishika, mingi ikakauka, na ile ya mwaka wa harusi yake haikushika hata mmoja. Baba hakunikumbusha jambo hilo mpaka anakufa. Nimeishi zaidi ya miaka thelathini na mistari ile minne, na pale ilipokuwa panapandwa maharage.

Sasa turudi kwenye picha zako, maana najua wewe unataka jibu.

Mwezi uliopita nilikuja Kibondo kukutembelea, nikaona unavyosaga. Unasaga kwa blenda. Blenda hiyo hiyo Jumamosi binti wa jirani aliisagia karanga za mboga, na mfuniko wake bado unawasha pilipili. Blenda haisagi, mwanangu, inakatakata. Ukimwaga unga wake kwenye karatasi utaona vumbi na vipande vya ukubwa wa kichwa cha kiberiti vimekaa pamoja. Maji ya espreso yanasukumwa kwa nguvu, yakikutana na vipande yanapita mbio, hapo unapata uchachu, yakikutana na vumbi yanakwama, hapo unapata uchungu. Wewe mwenyewe umeniandikia kichachu na kichungu kwa wakati mmoja, yaani ugonjwa umeueleza vizuri kabisa, ila dawa ukampa mgonjwa mwingine.

Katika picha zako, ile kubwa yenye taa na kioo na bakuli la juu la kujaza nusu kilo, iache. Najua ndiyo unayoipenda, umeituma mara mbili. Hiyo ni ya mgahawa, wanaopika vikombe mia kwa siku. Nyumbani kwako mnakunywa watu wawili, na mmoja yuko zamu. Punje zitakaa juu zikipigwa na hewa, na ndani, kwenye njia ya unga, itabaki kahawa ya jana ambayo ya leo ndiyo itakuja kuisukuma. Kikombe cha kwanza cha kila asubuhi kitakuwa cha jana. Mimi hapa dukani nauza kahawa ya kukaanga, walimu na maofisa wanaohamishiwa huku wananiletea mashine zao na malalamiko yao, nimeona. Kuna mmoja aliapa kahawa yangu imeoza, nikamfungulia mashine yake, nikatoa unga uliogandamana wa miezi.

Ile ya mkono ya kuzungusha ni nzuri, na wengine watakuambia uichukue kwa sababu umeme wa huku unakatika. Hoja hiyo niliipenda mpaka nikakumbuka kwamba umeme ukikatika hata mashine yako ya kupikia inalala. Tatizo lake ni jingine. Espreso inataka unga laini sana, na kusaga laini kwa mkono ni kazi. Ukitoka zamu umechoka utasema leo nisage ya siku tatu kabisa. Najua utasema hivyo, kwa sababu mimi nilisema hivyo.

Chukua ile ndogo ya umeme isiyokuwa na bakuli, ile inayosaga dozi moja. Unapima gramu kumi na nane za punje kwenye mizani, unazitia, unasaga, unapima tena unga uliotoka. Ukitia kumi na nane zitoke kumi na nane, au karibu kabisa na hapo. Zikitoka kumi na sita, mashine hiyo inaficha kitu, irudishe. Angalia kidude cha kurekebisha ulaini kiwe kinateleza kidogo kidogo, kisiruke kwa hatua kubwa, maana katika espreso tofauti ya unywele mmoja inageuza kikombe. Angalia kama unaweza kuifungua mwenyewe ukafika kwenye meno yake ukayapiga brashi bila kumwita fundi, na kama meno mengine yanapatikana haya yakilika. Kabla ya kusaga lowesha kidole, ukoroge zile punje, unga hautarukia kuta. Wewe unapimia dawa watoto wachanga kwa tone, utashindwa kupima punje za kahawa?

Ikifika, iwe ya kahawa peke yake. Asiisagie mtu karanga, wala iliki, wala dawa ya mbu.

Na kikombe kikitoka kibaya, ambacho kitatoka, maana hata mimi bado vinanitokea, kwanza jiulize wewe. Kikiwa kichachu na kimekimbia, saga laini zaidi. Kikiwa kichungu na kimekwama, legeza. Jiulize kahawa umeiacha wazi siku ngapi, mashine umeisafisha lini, umepima au umekisia. Ukishamaliza kujiuliza yote hayo na bado ni kibaya, hapo ndipo uje kwangu uniulize habari za punje, na mimi nitakwenda kumwuliza baba yako kwa adabu. Usianze na mkulima. Mkulima yuko mbali, hana mashine wala hakioni kikombe chako, na lolote utakalosema atalibeba. Hayo ndiyo niliyofundishwa na Bi Mwanaidi, na ndiyo ninayokuachia. Kazi ya watu wengi inapita mikononi mwako kabla ya kufika mdomoni, na mkono wa mwisho ndio mwepesi kuharibu na ndio mwepesi kulaumu wengine.

Mashine hiyo ukiagiza leo itachukua majuma kufika Kibondo. Baba yako hana majuma, jembe lake limeshanolewa. Kwa hiyo usingoje upate kikombe kizuri ndipo umwambie. Mimi nilingoja siku tatu, nikalipia mistari minne. Ukimaliza kusoma haya mpigie simu, sasa hivi, hata kama ni katikati ya kazi. Usimweleze habari za espreso wala gramu, utamchanganya. Mwambie, "Baba, kahawa yako haina kosa, kosa lilikuwa langu." Maneno hayo tu. Halafu unyamaze, umwache avute pumzi.

Mungu akupe mkono unaopima, mwanangu, na ulimi usioona aibu kukiri. Akupe wagonjwa wanaopona na nyumba yenye mtu wa kunywa naye. Na mvua ya wiki ijayo imkute baba yako amekaa nyumbani, mibuni imesimama.